Moto wa Sesilia

Visa vya namna hii kwa kawaida humpata jirani, au binamu wa mtu aliyehamia Kahama. Ningefurahi sana kukisimulia hiki hivyo. Kimenipata mimi, Ritha, mwanafunzi wa sheria mwaka wa tatu, na sehemu kubwa ya aibu iliyomo ni yangu mwenyewe.

Kilianza Jumatatu ya kawaida kabisa, mwezi wa nane. Nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni Mwanza, kijijini kwetu mbele ya Didia, kwa bibi mzaa mama. Bibi Agnetha ndiye aliyenilea tangu darasa la kwanza. Asubuhi ile tulikunywa uji, tukatafuna michembe ya viazi vitamu, naye akanitazama nilivyojinyoosha kwenye mkeka na simu.

"Mke mwenzangu," akasema, "mdomo huo unaotetea watu Mwanza huko, si uende nao kanisani ukamsaidie Theonest? Humu ndani utanimalizia sukari tu."

"Sukari yenyewe daktari amekukataza, Bibi."

"Basi ndiyo maana nailinda."

Theonest ni katekista wetu. Jumapili iliyokuwa inakuja kanisa letu la kigango lilikuwa linatimiza miaka hamsini, paroko angekuja, na bibi angevishwa kitenge mbele ya watu wote. Ndiye pekee aliyebaki hai kati ya wasichana waliobeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa lile. Kisukari kilikuwa kimemla miguu. Alikuwa ameniambia bila kulia kwamba Jumapili hiyo ndiyo anayoitaka, watu wamwone amesimama, na baada ya hapo Mungu afanye apendavyo.

Nilimkuta Theonest ukuta wa kushoto, karibu na mlango wa chumba cha sakristia, anakwangua chokaa kuukuu kwa brashi ya waya. Ilikuwa inabanduka tabaka kwa tabaka, nyeupe, ya bluu, nyeupe tena.

"Dada Ritha, sogea uone," akasema. "Ukuta una jicho."

Lilikuwa jicho kweli, la kuchorwa, kubwa kama kiganja. Weupe wake ulikuwa umepakwa udongo mwekundu.

Mgeni angeona urembo. Sisi wa huku tunajua jicho jekundu usoni mwa mwanamke liliwahi kumaanisha nini. Kuni hazipo, mama anapikia mavi ya ng'ombe yaliyokauka, moshi unamla macho miaka thelathini, kisha anatokea mtu anasema huyo ni mchawi, tazama macho yake. Mwezi wa tano nilikuwa nimesimama jukwaani kwenye mdahalo wa vyuo nikalisema hilo kwa dakika saba. Ukumbi mzima ulisimama kunipigia makofi. Nilikuwa bado nayasikia.

"Tupige chokaa tuendelee," akasema Theonest. "Jumapili haiko mbali."

"Katekista, kufunika ni kushiriki."

Akacheka. "Haya, mheshimiwa mbunge. Shika brashi basi."

Nikashika. Siku ile na iliyofuata nilikwangua mpaka kucha zikauma. Akatokea mwanamke wa makamo, amekaa chini, shuka begani, amenyoosha mikono juu ya moto mdogo wa mavi ya ng'ombe. Aliyechora alijua kuchora. Ungeweza kuhesabu mishipa ya mikono ile. Chini yake kulikuwa na maandishi ya rangi ya kahawia: *Sesilia. Ijumaa Kuu 1986. Amechora Donatus.*

Theonest alisoma, akavua kofia, akakaa kwenye benchi.

"Nilikuwa darasa la pili," akasema. "Sikujua kuna picha. Wazee waliipaka chokaa kabla ya Pasaka, sisi watoto hatukuiona."

Akanieleza. Mwaka huo watoto watatu walikufa kwa surua, na kidole cha kijiji kikaenda kwa Sesilia. Kwanza walimtenga. Kutengwa kwetu ni hivi: hakuna wa kukusalimia, kisima hukisogelei, na hupewi moto. Viberiti vilikuwa adimu siku zile, asubuhi mtu alikwenda kwa jirani na kigae kuomba kaa la moto. Aliyempa aliyetengwa naye alitengwa. Donatus, aliyekuwa katekista, akamficha Sesilia sakristia. Siku ya tisa watu wenye mapanga waliingia wakamtoa. Nani aliwaonyesha, hakuna aliyewahi kusema. Donatus alichora ukuta huo kwaresima nzima nyuma ya pazia la magunia, akalishusha pazia Ijumaa Kuu, akaondoka na nguo alizovaa kwenda kwenye machimbo ya Geita. Hakurudi.

"Siku zote tisa kulikuwa na mtu mmoja aliyempelekea moto," akasema Theonest. "Alfajiri, kwenye kigae, amekifunika kwa kanga. Mama yangu alikuwa akitusimulia sana. Mtu huyo ni bibi yako."

Sijui kama nilitembea au niliruka kurudi nyumbani. Sikumwambia bibi kitu. Nilitaka Jumapili iwe heshima juu ya heshima. Badala yake nilimtafuta mtoto wa Sesilia. Theonest alikuwa na namba: Scolastika, anapikia wachimbaji Mwakitolyo. Alipopokea nilisikia kwa nyuma mashine zinasaga mawe.

"Mama simkumbuki sura, mdogo wangu," akasema. "Nilikuwa na miaka saba. Nakumbuka mgongo wake tu, kwa sababu alikuwa akinibeba. Picha yake haipo hata moja, duniani kote."

"Ipo moja," nikamwambia. "Jumapili utamwona. Nakuapia."

Nilidhani simu imekatika. Kumbe alikuwa analia.

*

Alhamisi mchana nilihisi harufu ya moshi.

Milango ilikuwa imefungwa kwa ajili ya vumbi. Nje hapakuwa na jiko wala mtu anayechoma taka. Nilizunguka kanisa lote, nikarudi. Harufu ilikuwa palepale, kali, ya mavi ya ng'ombe. Theonest naye aliisikia. Aliweka kiganja ukutani, pale palipochorwa moto, akakiondoa haraka.

"Jua hilo," nikasema.

"Ukuta huu haupigwi na jua," akasema yeye. Kisha akakumbuka kwamba ana kikao cha jumuiya.

Ijumaa nilikuwa peke yangu. Upande wa kulia wa picha ulikuwa bado haujakwanguliwa. Wakatokea wanaume, sita au saba, wameshika mapanga. Donatus aliwachora miguu, mikono, mashati, hata vifungo. Nyuso hakuchora. Juu ya kila shingo aliacha ukuta mtupu.

Nikaendelea.

Ukatokea mkono wa mwanamke. Ulikuwa umenyooka kumwelekea yule aliyekaa. Kidole kimoja, mbele ya vingine. Kwenye kifundo cha mkono umening'inia ufunguo mkubwa wa mlango, ufunguo ule ule wa kanisa ambao mimi nilikuwa nao mfukoni.

Bega. Kanga. Mtoto mgongoni.

Shingo.

Huyu alikuwa na uso. Nilikwangua kidevu, nikakijua. Nikakwangua mdomo. Pua. Kovu langu dogo la tetekuwanga juu ya nyusi halikuwepo, hilo tu ndilo lilitutofautisha. Nilirudi nyuma hatua tatu, nayo macho ya uso ule hayakuniacha. Nilikuwa najitazama mwenyewe, nimechorwa miaka kumi na saba kabla sijazaliwa, namnyooshea mtu kidole.

"Dada Ritha, nani amekuchora?" Theonest alikuwa mlangoni, anatabasamu. Alikuja karibu. Alisoma mwaka pale chini, akatazama ufunguo, akatazama mtoto mgongoni. Tabasamu likaondoka polepole.

"Usafi wa kanisa wakati ule ulikuwa wa nani?" nikamuuliza.

"Wazee husema bibi yako ujanani alikuwa kama pacha wako," akajibu, kwa sauti ya mtu anayeongea msibani. Akaweka ndoo chini, akatoka.

*

Bibi alikuwa uani anachambua choroko. Sikumsalimia.

"Bibi. Mwaka themanini na sita ufunguo wa kanisa alikuwa nao nani?"

Vidole vyake viliendelea kutafuta mawe. Alitoa moja, akalitupa. Akatoa la pili.

"Donatus alichora vizuri?" akauliza.

Hapo nilikaa chini.

"Siku ya tisa waliona majivu kwenye kigae changu," akasema. "Walinikuta kisimani. Wakaniuliza yuko wapi. Sikusema neno, mjukuu wangu. Nilinyoosha kidole tu."

"Kidole ni neno, Bibi."

"Najua."

"Kwa nini?"

"Mama yako alikuwa mgongoni ana homa. Surua ile ile. Wangenitenga ningemwombea nani maji, nani dawa?" Aliinua macho kwa mara ya kwanza. "Nilitangulia mbele, nikafungua mlango mwenyewe. Alikuwa anaota moto. Moto wangu mimi, wa asubuhi. Alipowaona hakuinuka. Alinitazama mimi, halafu akarudisha mikono yake pale pale kwenye moto, kama vile bado kuna muda."

Kuku walipita kati yetu.

"Hajaondoka," bibi akanong'ona. "Miaka thelathini na tisa. Kila nikiwasha jiko inakuja mikono upande wa pili. Inaota. Ikishapata joto inaondoka. Sijawahi kuizuia."

Nilikumbuka kwamba utoto wangu wote bibi hakuniruhusu kukaa upande ule wa jiko.

"Nizike kwanza," akasema. "Nivishwe kitenge chao, nife, mnizike. Kisha fungueni ukuta mseme yote. Nakuomba, Ritha. Wasinione hivyo nikiwa na macho."

Nilikuwa na hoja zote. Nilikuwa na Scolastika, aliyeniamini kwa simu tu. Nilikuwa na dakika zangu saba. Nikatazama miguu ya bibi, iliyovimba mpaka ndara haziingii, miguu iliyokuwa ikinisindikiza shule kilomita nne. Sikutumia hoja hata moja.

*

Jumamosi saa sita mchana nilijifungia kanisani na ndoo ya chokaa.

Nilianza na uso wangu. Ulikubali kwa mpako mmoja. Kidole kikakubali. Ufunguo ukakubali. Wanaume wale hawakuwa na cha kukataa.

Kwa Sesilia chokaa ilikauka kabla sijainua brashi. Ilikuwa inatoa sauti, kama maji yakimwagika kwenye kikaango cha moto. Macho mekundu yakarudi. Nikapaka tena. Yakarudi, ya waridi sasa. Mpako wa tatu yakazama.

Ukabaki moto. Nilichovya brashi, nikapaka, nikapaka. Joto lilipungua chini ya mkono wangu. Ukuta ukapoa. Ukapoa zaidi ya ukuta.

Ndipo upande wa pili, sakristia, ambako sikuwa nimemwacha mtu, sauti ya mwanamke ikanong'ona.

"Baridi."

Mabati yalikuwa yanalia kwa jua. Jasho lilikuwa linanichuruzika mgongoni.

"Nasikia baridi."

Nataka kuandika kwamba nilikimbia. Kukimbia kungekuwa na heshima kidogo. Nilisikia vizuri kabisa, nikachovya brashi, nikamaliza ukuta.

*

Scolastika alifika Jumapili kabla ya misa. Mama mfupi, mikono yenye makovu ya mafuta ya moto, kitenge kipya kilichokuwa bado na mikunjo ya dukani. Alikuwa ameazima simu nzuri ya mchimbaji mmoja kwa ajili ya kupiga picha ile. Alisimama mbele ya ukuta mweupe, akanitazama.

"Rangi yake ilikuwa udongo," nikasema. "Tulipoiosha ikaondoka na maji. Nisamehe, dada."

Theonest alikuwa nyuma yangu. Nilisikia viatu vyake vikisogea kuelekea mlangoni.

"Yote?"

"Yote."

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyezoea kuambiwa duara la dhahabu limechimbwa halikutoa kitu. "Alikuwa anafanya nini, mama?"

"Alikuwa ameketi. Anaota moto."

Akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonichoma moyo. "Alikuwa na nani?"

"Peke yake," nikasema. "Hapakuwa na mtu mwingine."

Baada ya misa bibi alishikwa mikono miwili akasimama. Wakamvisha kitenge, vigelegele vikapasua bati. Yeye alikuwa anatazama ukuta wa kushoto. Kisha Scolastika akapita katikati ya akina mama, akapiga magoti mbele yake.

"Shikamoo, mama. Nimesimuliwa tangu mdogo. Wewe ndiye uliyempa mama yangu moto watu wote walipomnyima. Nimekuja kusema asante, sina kingine."

Mdomo wa bibi ulifunguka. Uliendelea kuwa wazi. Watu walidhani ni furaha, wakaongeza vigelegele. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Scolastika, vidole amevikunja vyote ndani ya kiganja. Nilitoka nje. Niliyekuwa nikitazama watu elfu moja machoni nikiwa na kipaza sauti, sikuweza kutazama wanawake wawili.

Kabla hajaondoka Scolastika aliniita ndani.

"Nipige moja hapa, mdogo wangu. Hata kama ni ukuta. Alikaa hapa."

Akanipa ile simu. Kanisa lilikuwa tupu, mimi na yeye tu. Hakusimama katikati. Alisogea pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. Nikapiga mara moja. Nilitazama kabla ya kumrudishia: Scolastika, ukuta mweupe, nafasi.

Bibi alifariki Alhamisi. Tulimzika na kitenge kile, watu wakasema mama wa moto amepumzika. Theonest aliongoza sala bila kuniangalia. Ahadi ya kufungua ukuta baada ya mazishi nilikuwa nayo. Nilijiambia tungoje arobaini. Kisha chuo kikafunguliwa, nikapanda basi.

Ujumbe wa Scolastika ulinifikia wiki ya tatu ya mwezi wa kumi, alasiri, niko hosteli. Kwanza ikaja picha. Nikaifungua: yeye, ukuta mweupe, nafasi, vilevile nilivyoipiga. Kisha maandishi.

*Dada Ritha habari za masomo. Nimenunua simu yangu sasa na ile picha nimeisafisha studio Kahama nimeiweka kwenye fremu. Mama ametoka vizuri sana. Wachimbaji wote hapa wamemwona wanasema nimemrithi mikono. Sikujua ni mzuri hivyo. Mungu akubariki mpaka kizazi chako. Ila kuna jambo nauliza usinielewe vibaya. Picha si ulipiga wewe, mbona na wewe umo? Na mbona umemnyooshea mama kidole?*

Niliikuza picha mpaka ikawa vumbi. Ukuta. Chokaa yangu. Hata alama za brashi niliziona, na hakuna kingine.

Tunakaa chumba kimoja na Hosiana, msichana wa Geita mjini, asiyeamini kitu mpaka akione kwenye kitabu. Alikuwa kitandani anakula karanga. Sikumweleza chochote. Nilimpa simu tu, nikasema, "Hebu niambie unaona nini hapa."

Alitazama. Akaacha kutafuna. Akanitazama mimi, akarudi kwenye simu, akaisogeza karibu na macho. Akanirudishia kwa ncha za vidole.

"Ritha," akasema, kwa sauti ya chini sana, "huyo mama aliyekaa amekosa nini?"